Siku Kukhu Alipokwenda kwa Nabongo

Mama alipofariki, wanawake wa ukoo walikuja kupanga vitu vyake, nami nikawahi kufungua sanduku lake la bati kabla hawajalifikia. Juu kulikuwa na vitenge, sweta, na Biblia ambayo jalada lake lilikuwa limeliwa na mende. Chini kabisa, limekunjwa kwa uangalifu, lilikuwa koti la babu. Nililipeleka puani kabla sijafikiri. Miaka yote hiyo, na bado lilinuka moshi wa kuni mbichi, na ndani ya moshi ule harufu kali ya majani ya mkaratusi. Shangazi mmoja akaruka nyuma kana kwamba nimetoa nyoka. "Hilo linafanya nini kwenye sanduku la mke wa mtu? Lichomwe leo hii!" Nikamwambia aanze kuchoma lile gauni lake la gomesi. Ulimi wangu si mzuri, najua, lakini siku ile ulikuwa na kazi ya kufanya.

Wenzangu mliokulia Iyolwa au Kirewa, huku kwetu Tororo, Uganda, hamhitaji kuelezwa kwa nini shangazi aliruka. Kwa wengine nitasema: kwetu mke wa mwana hagusi nguo ya baba mkwe wake. Haifui, haianui kambani hata mvua ikinyesha, na kiti alichokalia mzee hakikalii. Kuvaa koti lake ni kujivika laana, yeye na watoto wake. Sikumbuki mtu yeyote akitufundisha jambo hili. Tulilijua tu.

Koti lenyewe lilikuwa la kitambaa kizito cha kahawia, na babu alilivaa mvua na jua. Alipokufa lilihamia mabegani mwa nyanya yangu. Tulimwita Kukhu, kwa lugha ya kwao, maana hakuwa mtu wa Tororo. Alizaliwa ng'ambo, Kenya, upande wa Mumias, akaolewa kwetu akiwa msichana. Desturi ya ukoo wetu ilikuwa hivi: mjane huvaa koti la marehemu hadi siku wazee watakapokaa pamoja, pombe ya ulezi inywewe, avuliwe. Kabla ya siku hiyo ana ruhusa ya kwenda shambani, kisimani na kanisani. Safari ni mwiko. Akisafiri kabla hajavuliwa, amejitoa mwenyewe katika nyumba ya mumewe. Atarudi kwao, na akifa hatazikwa kando ya mume. Na kwao Kukhu hakukuwa na mtu tena. Ndugu zake wote walikuwa wametangulia.

Mimi nilikuwa darasa la tatu, na desturi hii niliielewa kwa namna yangu. Nilidhani babu bado yumo ndani ya koti. Ndiyo maana halifuliwi, nikawaza, na siku Kukhu atakapovuliwa ndipo babu atakapotoka, aage, aende zake. Kila asubuhi nilikuwa nalisalimia. Watu wazima walidhani namsalimia Kukhu.

Siku ya kuvuliwa ilikuwa mikononi mwa Babu Opendi, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mrefu, mkavu, redio ndogo ikining'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kututia shida, kwa sababu mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumua. Alipita kwetu kila asubuhi ng'ombe wakishatoka, na kila jioni akielekea kwenye pombe, ahakikishe mjane wa ndugu yake yupo. Akiulizwa wazee watakaa lini, alijibu kwamba ulezi haujatosha. Msimu uliofuata ulezi ukatosha, akasema jamaa wengine hawajarudi kutoka Kampala.

Wakati huohuo macho ya Kukhu yalikuwa yanafunga. Utando mweupe ulikuwa umeshalimaliza jicho la kulia, na la kushoto lilibaki na kijitundu. Kila asubuhi alilipima kwa kunishika kidevu na kunitazama mlangoni penye mwanga. "Leo nakuona pua na mdomo," alikuwa akisema. Wiki chache nyuma alikuwa akiniona na masikio. Nilikuwa nikikaza uso wangu wote nikidhani nikijitahidi nitaonekana zaidi.

Ndipo Mama Nekesa alipoleta habari. Huyu alikuwa Mkenya mwenye maneno na mwenye huruma, aliyevuka mpaka Busia na mitumba kichwani na kuja hadi soko la kwetu. Siku hiyo aliacha mzigo wake getini, akaingia jikoni kwa Kukhu bila kubisha hodi.

"Kukhu, si ulisema baba yako alikuwa mtu wa Nabongo?"

"Alikuwa anamshikia mwavuli," Kukhu akasema. "Kila mfalme alipokwenda."

"Basi yuko."

"Nani yuko?"

"Baba yako! Yuko ukutani. Pale kwa Nabongo wamefanya nyumba ya vitu vya zamani, watu wanaingia wanaona. Kuna picha ya mfalme na watu wake, na nyuma yake kuna mtu wa mwavuli. Nikamuuliza mzee wa pale, huyu ni nani, akanitajia jina. Ni yeye kabisa, Kukhu. Mimi nikudanganye nipate nini?"

Baba yake Kukhu alikufa yeye akiwa mdogo kuliko mimi wakati ule. Alikumbuka sauti yake, alikumbuka harufu ya samli kwenye ngozi yake, lakini uso ulikuwa umemtoka. Alikuwa ameniambia mara nyingi: namtafuta, naipata sauti, uso siupati. Sasa uso ulikuwa ukutani, na jicho lilikuwa limebakiza kijitundu.

"Na hili?" akauliza, akishika kola ya koti.

"Hilo unalitundika kwenye msumari," Mama Nekesa akasema. "Unatoka alfajiri, mzee akipita atadhani umelala, jioni umerudi. Nani atajua?"

Hapo ndipo mipango ilipoanza, na mimi nikawemo kwa sababu mtu mwenye macho alihitajika. Tulipangia nyuma ya jiko, mchana, Babu Opendi akiwa shambani. Mama Nekesa aliokota mawe akayapanga chini: hili ni Iyolwa, hili Busia ya Uganda, hili Busia ya Kenya, hili Nambale, hili Mumias, na gunzi la hindi likawa nyumba ya Nabongo. Kati ya jiwe na jiwe kulikuwa na hatari yake. Kutoka kwetu hadi Busia ni pikapu ya wachuuzi inayoondoka alfajiri siku ya soko. Je, ndani yake kukiwa na mtu wa ukoo? Tutaketi nyuma kabisa, Kukhu amejifunika kitenge. Mpakani je? Tutavuka kwa boda za baiskeli, kama watu wanaokwenda kununua chumvi. Baada ya hapo kuna matatu hadi Mumias, na Mama Nekesa mwenyewe atatungojea upande wa pili. Kurudi ndiko kulikokuwa na mwiba. Pikapu huondoka Busia dereva akishiba, na hakuna aliyejua dereva hushiba saa ngapi.

"Na kuku," Kukhu akasema.

"Kuku wa nini tena?"

"Kwa mfalme huendi mikono mitupu."

"Kukhu, mfalme mwenyewe hata sijui kama anakaa hapo. Utavuka mpaka na kuku anapiga kelele?"

"Atavuka na mimi," Kukhu akasema, na mjadala wa kuku ukafungwa. Mimi niliona ana haki. Nilikuwa nimeshaanza mazoezi ya kumpigia mfalme magoti, maana kichwani mwangu alikuwa ameketi pale amevaa taji, mwavuli juu yake, na baba wa Kukhu nyuma yake hajachoka.

Hatari moja hatukuweza kuiwekea jiwe, nayo ilikuwa Mama.

Mama, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Athieno kwa jina langu, alikuwa mke wa mtoto wa pekee wa Kukhu. Baba alikuwa kibarua Jinja, na nyumbani tulibaki wanawake watatu. Kati ya Mama na Kukhu hakukuwa na ugomvi, wala hakukuwa na urafiki. Mama alisalimia kwa magoti, akapika, akafua, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinitia hofu. Nilikuwa nimesikia wanawake kisimani wakisema kwamba mjane akiondoka, nyumba inabaki ya mke wa mwana, na maneno hayo yaliniingia kama chawa.

Siku moja tukiwa juu ya mawe yetu, kivuli chake kikaangukia Mumias. Alikuwa amesimama na ufagio mkononi. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini.

"Na mkichelewa?" akauliza.

"Hatutachelewa," Kukhu akajibu.

"Na mkichelewa, Mama?"

Mama akainama, na kwa ufagio wake akafagia Nambale, akafagia Busia zote mbili, akafagia Iyolwa na gunzi la Nabongo, vyote vikaenda na vumbi hadi kwenye shimo la majivu. Nilitaka kulia. Sekunde chache baadaye redio ikasikika kwenye kona ya nyumba, na Babu Opendi akatokea, amerudi shambani mapema kwa ajili ya jembe lililovunjika mpini. Akatukuta tumekaa mbele ya udongo mtupu. Hata wakati ule, akili yangu ya kitoto haikuunganisha mambo hayo mawili. Nilichoona ni mwanamke aliyeharibu safari yetu.

Mambo yakazidi. Kesho yake nilitumwa dukani, nikapita karibu na boma la Babu Opendi, nikamwona Mama amepiga magoti mbele yake anazungumza kwa sauti ya chini. Mzee anaitikia kwa kichwa, redio ameizima. Babu Opendi hakuzimia redio mtu yeyote. Nilirudi mbio hadi pumzi ikanikatika, nikamwambia Kukhu kwamba Mama ametuchongea.

Kukhu alinishika kidevu akanivutia kwenye mwanga. "Leo nakuona pua tu," akasema. "Tutakwenda siku ya soko."

Basi tukaenda. Kukhu alitundika koti kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akalipapasa kola mara moja, tukatoka kungali na ukungu, mimi nimebeba kikapu, kuku ndani amefunikwa kitambaa. Nilipogeuka nilimwona Mama amesimama mlangoni kwake. Hakutupungia mkono. Nilimchukia asubuhi ile kwa moyo wangu wote mdogo.

Katika pikapu hakukuwa na mtu wa ukoo, lakini kila aliyepanda nilimwona ana shingo ya Babu Opendi. Kuku alikaa kimya hadi mpakani, na hapo, malori yakiwa yamepangana na wabadilisha fedha wakipiga kelele, akaamua kutaga. Alilia kwa nguvu zake zote. Askari wa upande wa Kenya akasimamisha baiskeli zetu.

"Shosho, unaenda wapi na hiyo kuku?"

"Kumwona baba yangu."

Askari akamtazama Kukhu, mvi zake, jicho lake jeupe. "Baba yako bado yuko?"

"Yuko. Yuko ndani ya nyumba ananingojea."

Yule kijana akacheka hadi kofia ikapinda. "Haya pita, shosho. Huyo mzee umsalimie sana." Nilikuwa nimebana mkojo tangu pikapu, na kwa kweli haukungoja.

Mama Nekesa alitupokea, akaninunulia suruali ya ndani kutoka kwa mwenzake wa mitumba bila kuuliza swali, tukapanda gari. Njiani Kukhu hakufumba macho hata mara moja. Mashamba ya miwa yalipita pande zote mbili, naye aligeuza lile jicho moja kwenye madirisha kama anayetaka kulitumia lote siku hiyo. Kila mara aliniuliza, "Jua liko wapi?" Nikamjibu liko juu yetu.

Kwa Nabongo hakukuwa na mfalme. Niseme ukweli, niliona aibu kwa niaba ya kila mtu. Kulikuwa na nyumba ya kawaida yenye paa la mabati, ua uliofagiliwa vizuri, ngoma kuukuu, mikuki ukutani, na mzee mnene aliyekuwa akimenya muwa kwa meno. Akatusikiliza, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza, "Na kuku?"

"Wa Nabongo," Kukhu akasema, akipiga magoti.

Mzee angeweza kucheka. Aliuacha muwa, akasimama wima, akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema, "Nabongo anashukuru." Kwa jambo hilo moja, popote alipo, Mungu amweke pema.

Picha ilikuwa juu, na chumba kilikuwa na kiza. Mama Nekesa akaninyanyua. "Mwambie nyanya yako unaona nini."

Niliona wanaume wengi wamesimama. Nilimwona mfalme ameketi. Niliuona mwavuli mkubwa. Nikamtafuta aliyeushika, nikampata. Mwavuli ule ulikuwa umemtilia kivuli. Kuanzia paji hadi kidevu uso wake wote ulikuwa weusi mtupu.

"Ana uso gani?" Kukhu akauliza kutoka chini. "Sema, mama. Ana uso gani?"

Nikamwonyesha Mama Nekesa kwa kidole. Naye akatazama, akanishusha chini. Mzee wa pale akaelewa, na bila kuombwa akapanda kwenye benchi, akaiondoa picha msumarini, jambo ambalo nadhani hakuruhusiwa. Akaibeba hadi uani penye jua, akaiweka mapajani mwa Kukhu. Kukhu aliinama hadi pua yake ikagusa kioo. Akaisogeza kidogo kidogo mbele ya kile kijitundu, akapita uso wa mfalme, akapita mwavuli, akashuka kwenye mpini, akafika kwenye mkono. Hapo akasimama.

Kidole kidogo cha mkono ule kilikuwa kimepinda kuelekea ndani. Kukhu akanyanyua mkono wake mwenyewe, akauweka kando ya kioo. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda vilevile; nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukiwazia.

"Alikuwa ananishika kwa hiki," akasema. "Tukienda mtoni. Mkono mzima ulikuwa mkubwa mno kwangu, kwa hiyo alinipa hiki." Akakaa na picha ile hadi Mama Nekesa akaanza kutazama juu na kukohoa. Uso hakuupata, na sikumwona akiutafuta tena. Alipoirudisha picha alikuwa anacheka kidogo. "Hata kwenye picha yuko kazini."

Kurudi kukawa kama tulivyoogopa. Tulipofika Busia dereva wa pikapu alikuwa ameshashiba na kuondoka. Tukatafuta, tukaomba, mwishowe kijana mmoja wa pikipiki akakubali kutupakia wawili, akilalamika kwamba barabara ya huko itamvunjia chombo. Kukhu alinikumbatia kutoka nyuma, mdomo wake sikioni mwangu.

"Jua liko wapi?"

"Juu ya mikaratusi, Kukhu."

Baada ya muda tena, "Jua liko wapi?"

"Limeingia kwenye migomba."

Aliponiuliza mara ya mwisho nikasema bado lipo, na lilikuwa limeshazama. Nilikuwa nikimwona Babu Opendi jikoni amekaa na wazee wote, Mama kando yao na ufagio wake, koti limewekwa chini kama ushahidi. Nilikuwa nikiona Kukhu anapewa kifurushi na kuonyeshwa njia ya Kenya, na huko hakuna mtu isipokuwa yule wa ukutani.

Tulishuka mbali, tukapita katikati ya mihogo, mimi nikimvuta kwa mkono. Nilipochungulia uani niliona moshi unatoka jikoni kwa Kukhu, mwingi, mweupe. Na mbele ya moshi, ameinamia chungu, mgongo kwetu, shuka kichwani, alikuwa ameketi Kukhu na koti lake.

Mkono wa Kukhu ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nilijua ninao. Na Kukhu alikuwa pale motoni. Basi, nikajua, ni babu. Babu ametoka. Nikakaa chini kwenye mihogo.

Yule mtu akageuka. Alikuwa Mama.

Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba kwa moshi, uso umelowa mvuke. Akaanza kulivua koti kwa haraka, akisema maneno yasiyopangika: kwamba alimwambia Babu Opendi kuwa Kukhu atafukiza macho kwa majani ya mkaratusi, siku nzima, asisumbuliwe, kwamba ilibidi moshi uonekane kutoka njiani, kwamba ilibidi mtu aonekane. Kukhu akaifuata sauti yake, akanyoosha mkono, akagusa shuka, akagusa bega, akagusa mkono wa koti. Akalitambua. Akasimama hivyohivyo, vidole vyake vikiwa juu ya kitambaa, na mimi nikangojea apige yowe ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelipiga.

Kukhu alipandisha mikono hadi kwenye kola. Akatafuta kifungo cha juu kwa vidole, akakifunga. Akailainisha kola pande zote mbili, jinsi unavyomfunga mtoto anayekwenda shule asubuhi ya baridi.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Njoo tule. Nimemwona."

Toka siku ile walikuwa watu wengine wale wawili. Sisemi walikuwa wakizungumza sana. Mama hakuwa mzungumzaji. Lakini Kukhu alipomaliza kuona kabisa, miezi michache baadaye, aliyemshika kidole kwenda kisimani alikuwa Mama, na alimshika kile kilichopinda.

Babu Opendi aliita wazee muda mfupi baada ya safari yetu. Ulezi ukatosha ghafla, jamaa wa Kampala wakarudi. Kukhu akavuliwa koti mbele ya watu wote, nami nikatazama kwa makini, ila sikuona mtu akitoka ndani yake. Kisha Babu Opendi akafanya jambo lililowafanya watu wagune. Koti la marehemu hupewa mpwa. Yeye alilikunja, akavuka ua, akaliweka mikononi mwa Mama, mke wa mwana, bila kueleza. Wengi walisema mzee amezidisha pombe. Mama alilipokea ameinamisha kichwa, akalifungia sandukuni, na hatukuliongelea tena. Kukhu alikufa miaka mingi baadaye, akazikwa kando ya mumewe.

Nilimuuliza Mama mwaka huu, akiwa amelazwa hospitali ya Masafu na sote tukijua hatatoka. Nilikuwa nimekaa nikimpepea, nikamuuliza kwa nini Babu Opendi alimpa lile koti. Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Alikuja siku ile," akasema.

"Siku ipi?"

"Ya safari yenu. Nilimwambia asije, akaja. Akaleta kigoda chake akakaa nyuma yangu pale uani. Mimi nimeinamia chungu, shuka kichwani, koti la mkwe wangu mwilini. Nikasema leo nimekufa mimi na watoto wangu."

Babu Opendi aliongea kwa muda mrefu, Mama akaniambia. Aliliambia koti kwamba ulezi upo, ulikuwepo tangu mwanzo. Kwamba yeye ndiye anayechelewesha, kwa sababu kila asubuhi akipita njiani huliona koti lile jikoni na kwa nukta moja hudhani ndugu yake yuko hai anaota moto. Siku ya kulivua ndiyo siku ndugu yake atakapokwenda kweli. Mzee mzima alilia, na Mama, ambaye hakupaswa hata kumtazama usoni, alikaa akimsikiliza kwa mgongo. Nami niliyedhani ni mimi pekee niliyekuwa nikilisalimia lile koti.

"Hukumjibu?"

"Ningemjibu kwa sauti ya nani? Nilikohoa tu. Hata moto niliogopa kuuchochea, asione mikono yangu."

"Na laana hukuiogopa, Mama?"

"Niliiogopa. Lakini Kukhu alikuwa anataka kumwona baba yake." Akaomba maji, nikamnywesha. Kisha akatabasamu, na nadhani ndiyo mara ya mwisho nilipoyaona meno yake. "Yule mzee alipomaliza alijipangusa uso, akachukua kigoda chake. Nikamsikia amefika njiani. Halafu akasimama."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Moshi unapungua, Mama Athieno. Ongeza kuni.'"